Sanduku la Mama Fundi: Apareye Iliyolala Chini ya Mto

Kwa anayefungua ukurasa huu mara ya kwanza: mimi si dokta wa meno. Dokta ndiye anayechungulia mdomo, anapima, anaamua. Mimi ni yule wa nyuma ya pazia. Naletewa sura ya meno iliyomwagwa kwa gipsi pamoja na karatasi yenye mwandiko mbaya, kisha nakunja waya na kumwaga akriliki, ile plastiki ngumu, mpaka itoke apareye, yaani kifaa cha kunyoosha meno na mataya ambacho mtoto anaweza kukivaa na kukivua. Meza yangu iko Kamalondo, hapa Lubumbashi, na nimeikalia miaka 26. Mwezi huu barua nyingi ni za mataya, basi nimezifunga fungu moja.

*«Mama Fundi, jambo sana. Kijana wangu ana miaka 12, yuko mwaka wa sita primeri. Meno yake ya juu yametokeza, taya la chini limebaki nyuma, hata kufunga midomo ni kazi. Shuleni wanamwita panya. Dokta alimpa apareye ya vipande viwili, cha juu na cha chini, akasema aivae usiku na mchana. Nililipa kwa mafungu matatu, pesa inayokaribia minervali (karo ya shule) yake ya mwaka. Leo ni mwezi wa nne na meno yako palepale. Juzi natandika kitanda chake, nikaikuta chini ya mto. Mama mkwe anasema taya ambalo Mungu amempa mtu haligeuzwi na plastiki. Niache? Au nitafute zile waya za kugandishwa kwenye meno? Aksanti. – Mama wa Katuba»*

Mama wa Katuba, pole. Kabla hujabishana na mama mkwe, ichukue hiyo apareye, ioshe, ipeleke dirishani, uigeuzegeuze kama unavyokagua sufuria sokoni. Mimi nikimaliza kifaa, nakisugua kwa brashi inayozunguka, unga wa jiwe, halafu kitambaa, mpaka kinang'aa kama kioo. Kikivaliwa miezi mitatu, mng'ao ule hauwezi kubaki. Kinafifia, kinapata mikwaruzo pale meno yanapokutana, na kwa mtoto mvivu wa mswaki utakuta ukoko mweupe umeganda upande wa ndani. Waya nazo zinalegea. Kama cha kijana wako bado kinang'aa kama siku kilipotoka kwangu au kwa fundi mwenzangu, huna sababu ya kumwuliza anakivaa saa ngapi. Watoto humwambia dokta «ninavaa kila siku» kwa macho makavu kabisa. Mimi huletewa kifaa chenyewe nikikaze waya, nacho hakijui kudanganya.

Kuna kipimo kingine, hiki cha masikio. Mwambie aivae papo hapo ahesabu kuanzia sitini mpaka sabini na saba. Mtoto anayeivaa kila siku atazitamka vizuri kabisa. Asiyeivaa atakurushia mate.

Sasa, inafanyaje kazi? Kwa jinsi ulivyoieleza, hiyo ni aina iitwayo Twin Block. Aliitunga dokta William Clark huko Scotland mwaka 1977, na mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mvulana aliyeanguka jino la mbele likang'oka. Jino lilirudishwa mahali pake, lakini mdomo wa chini ulikuwa unajipenyeza nyuma ya meno ya juu na kuyasukuma nje, kwa hiyo jino lile lisingetulia. Mtazame kijana wako akiwa hajui unamtazama: naamini mdomo wake wa chini unalala palepale.

Kila kipande kina tofali dogo la akriliki juu ya magego. Matofali hayo nayakata mteremko mkali, nyuzi kama 70. Mtoto akifunga mdomo kwa mazoea yake ya zamani, tofali la juu na la chini yanagongana na mdomo haufungi. Njia ya kuufunga imebaki moja tu, kulitelezesha taya la chini mbele. Basi analitelezesha. Akila, akimeza mate, akiongea, akilala. Misuli inataka kulirudisha taya nyuma, matofali yanakataa, na ule mvutano wa misuli ndio unaoyasukuma meno na kuliongoza taya. Injini ni hiyo tu. Hakuna springi kubwa iliyofichwa ndani, hakuna sumaku. Ikiwa chini ya mto, inasukuma mto.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Twin Block. Mwaka 1908 Viggo Andresen, dokta wa meno wa Denmark, alikuwa anamnyoosha meno binti yake mwenyewe kwa waya za kugandishwa. Likizo ya majira ya joto ikafika. Hakutaka mtoto aondoke na waya zile, akazitoa, akamtengenezea sahani ya kuvaa ili meno yasirudi yalikotoka, akaiongezea ukingo wa kuliongoza taya la chini mbele. Alitaka tu kulinda kazi yake mpaka binti arudi. Binti aliporudi, meno yalikuwa yanakutana vizuri kuliko alivyomwacha. Vifaa vingi vya taya tunavyotengeneza leo ni wajukuu wa sahani ile. Laiti ningeweza kumleta binti yule Katuba aongee na kijana wako.

Mama mkwe wako ana nusu ya haki, na nitampa nusu yake bila kinyongo. Watafiti wa Uingereza waliwapima watoto waliovaa Twin Block wakaona kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko ni meno yenyewe kuegemea, ya juu yakirudi ndani na ya chini yakija mbele. Sehemu ya mfupa wa taya ni ndogo. Kwa hiyo dokta yeyote anayekuahidi taya jipya, mwulize atalitoa wapi. Ila ile nafasi kati ya meno ya juu na ya chini, ambayo kwa kawaida ni milimita 2 hadi 4, kwa watoto kama wako hufika 9 au 10. Ikipungua hadi 3, midomo inafunga, jina la panya linakosa mtu wa kulibeba, na siku akigongwa na mpira meno hayatakuwa ya kwanza kupokea pigo. Meno yaliyotokeza huvunjika kirahisi kuliko mengine, hilo halina ubishi.

Kuhusu waya za kugandishwa: si mbadala, ni zamu nyingine. Mara nyingi huja baada ya apareye ya kuvua, kupanga jino mojamoja. Apareye ya taya inategemea mtoto anayekua, na mvulana wa miaka 12 ndiyo kwanza anaingia kwenye miaka ya kurefuka kwa kasi, wasichana huwatangulia. Ukimngojea afike miaka 17, dokta atabaki na mambo mawili: kung'oa meno mawili ya juu ili ya mbele yapate pa kurudi, au kumpeleka kwa wapasuaji wa taya. Usiache sasa.

Lakini usianze na fimbo. Mwulize inamwuma wapi. Mara nyingi nikipokea kifaa kilichosuswa nakuta kidonge kidogo cha akriliki kimebaki upande wa ndani, au ncha ya waya inamchoma shavu. Mtoto hajui kueleza, anaificha tu. Angalia ufizi: ukiona doa jekundu au kidonda, mrudishe kwa dokta, ni kazi ya dakika kumi. Usiikwangue mwenyewe kwa kisu. Mtoto wa dada yangu, na kifaa nilimtengenezea kwa mikono hii, alikitia ndani ya kiatu cha mpira akasema kimepotea. Nilikasirika wiki nzima. Kumbe waya ulikuwa unamkata kila akicheka, na mimi fundi nilikuwa nakaa naye meza moja.

Kama haimwumi, basi ni aibu ya shule. Mwanzishe Ijumaa jioni akitoka darasani. Jumamosi na Jumapili aivae nyumbani, aongee nayo, ale nayo. Hii ya matofali imetengenezwa ili mtu ale nayo, na akiivua mezani anapoteza saa zile ambazo taya linafanya kazi zaidi. Bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo) havina shida hata kidogo. Samaki wa thomson aangalie miiba. Muwa asahau kwa sasa, na hindi la kuchoma mpukuchulie. Aivue akipiga mswaki, akiogelea, akicheza mpira wa kugongana, na wakati huo ikae ndani ya kisanduku chake, isifungwe kwenye karatasi. Karatasi mezani hutupwa pamoja na mabaki, na nimewahi kulipwa kutengeneza upya kifaa kilichoishia jalalani kwa njia hiyo.

Halafu mpeleke kwa dokta, umwambie ukweli kwamba hakuvaa. Miezi minne ni mingi kwenye mdomo wa miaka 12, jino la utotoni likitoka na jipya likiota, kifaa kinaweza kukataa kuingia na itabidi sura ichukuliwe upya. Hapo pesa itatoka tena. Nakuambia mapema ili usishtukie mlangoni. Akivaa inavyotakiwa, wengi humaliza sehemu hii kwa miezi 9 hadi 12. Kisha unabaki muda wa kuyashikilia meno mahali pake, na huo wazazi huwa wanausahau.

Na usimlinganishe na mtoto wa jirani anayevaa usiku tu. Kuna aina ya kipande kimoja inayoshika mataya yote mawili kwa pamoja. Hiyo huwezi kula nayo, na yenyewe huvaliwa usiku na saa chache za jioni.

*«Mama, binti yangu ana miaka 8. Akifunga mdomo, meno ya chini yanapita mbele ya yale ya juu. Mama yangu mzazi yuko hivyohivyo mpaka leo. Kuna mtu amenishauri ningoje meno yote ya utotoni yaishe. – Papa wa Ruashi»*

Papa, usingoje. Kwa taya lililo nyuma mtu anaweza kukaa kidogo akasubiri miaka ya kurefuka. Kwa hili la kwako kuchelewa kuna gharama.

Mkalishe binti, mwambie alegeze mabega, akunje ulimi ncha iguse nyuma juu kaakaani, afunge mdomo polepole. Tazama kwa makini. Kama meno ya mbele yanagusana kwanza ncha kwa ncha, halafu ndipo taya linachepuka mbele kupata mahali pa kufunga, basi pengine taya lenyewe halina kosa, linakwepa jino lililokaa vibaya. Hizo ni kazi ninazozipenda. Natengeneza sahani ya juu yenye springi ndogo nyuma ya jino, na kizingiti juu ya magego ili meno yaachiane. Jino linaruka upande wake kwa wiki kadhaa au miezi michache, na taya linarudi lenyewe. Kizingiti kile ndicho watu wanachokilalamikia, kwamba mtoto anabaki mdomo wazi. Bila hicho jino lingegonga lile la chini kila likijaribu kuvuka.

Lakini kama hawezi kabisa kuyagusisha ncha kwa ncha, na bibi yake ana taya hilohilo, suala ni la mfupa na la ukoo. Hapo sahani yangu haitoshi. Madokta hutumia kinyago kinachoegemea paji la uso na kidevu, chenye mipira inayolivuta taya la juu mbele, na huvaliwa nyumbani jioni na usiku. Kinafanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 10 hivi, ndiyo maana nimesema usingoje. Hata hivyo taya la chini huchelewa kuacha kukua, na kwa watoto wengine linalipita tena lile la juu wakiwa vijana, na mwisho ni upasuaji wakishakomaa. Heri ulisikie leo kuliko uje umlaumu dokta wake miaka saba ijayo.

*«Nina miaka 29, taya langu la chini ni fupi. Kwenye simu nimeona kifaa cha mpira, saizi moja ya watu wote, wanasema kinarefusha taya kwa wiki sita. Una maoni gani? – Kijana wa Bel-Air»*

Kijana wangu, taya lako limeacha kukua zamani. Hakuna kifaa cha kuvua, cha kwangu wala cha huyo wa kwenye simu, kitakachorefusha mfupa wa mtu wa miaka 29. Na saizi moja ya watu wote! Mimi nikikosea nusu milimita kwenye mdomo wa mtu mmoja naletewa kifaa kirudiwe. Mpira unaokaa vibaya unaweza kusukuma meno uliyokuwa umeridhika nayo. Kama sura inakusumbua, wapo madokta wa kukupanga meno kwa waya za kugandishwa ili tofauti isionekane sana, na wapo wapasuaji wa kulisogeza taya lenyewe. Kama unatafuna vizuri na kinachokusumbua ni picha tu, fuga ndevu. Sikutanii.

*«Mama Fundi, mimi ni wa Kenya. Nilichemsha apareye ya mwanangu nikiogopa wadudu. Imejikunja, haiingii. Naweza kuichemsha tena nikainyoosha? – Mama Mapacha»*

(Kenya ni komini yetu ya hapa Lubumbashi, wasomaji wa mbali wasije wakadhani barua imetoka Nairobi.)

Hapana, Mama Mapacha, usiichemshe tena. Nafahamu hofu yako. Mjini hapa tumezoea kuchemsha kila kitu, na kwa maji ya kunywa ni vema. Akriliki ni unga na maji makali yenye harufu, ukivichanganya vinakuwa kama unga wa mikate ya mafuta, halafu vinakauka. Mimi naikaushia ndani ya sufuria ya presha, kwenye maji ya vuguvugu, hewa ikiibana ili isitoe mapovu. Umeme ukikatika katikati, hewa ikishuka, natoka na kitu chenye matundu kama sponji na naanza upya. Baada ya hapo nailoweka kwenye maji siku nzima ili ukali ule utoke, usimwunguze mtoto ufizi. Ikishakauka, umbo lake ni lile. Maji ya moto yanalilegeza na linapoganda tena haligandi pale lilipokuwa. Hata milimita moja ikipinda, waya hazishiki jino.

Ioshe kwa maji safi ya baridi, mswaki wake wa peke yake na tone la sabuni ya vyombo, asubuhi na jioni. Hii ya sasa irudishe kwa dokta. Na kwa kuwa nimeshika kalamu: ikivunjika, msiigandishe kwa ile gundi ya viatu. Leteni vipande vyote, hata kile kidogo kabisa, na mtoto asiivae ikiwa na ufa, kwa sababu kipande kinaweza kukatika usiku akakimeza au kikaingia njia ya hewa.

*«Bibi Fundi, nina miaka 13. Nimeanza kuvaa apareye jana. Ninaimba kwaya na Jumapili ijayo nina sehemu ya peke yangu. Nikisema S inatoka SH, na mate yanajaa. Nitakuwa hivi mpaka lini? – Mimi, Kampemba»*

Mjukuu wangu, mate yanajaa kwa sababu mdomo wako unadhani umeweka chakula. Ukifika siku ya tatu au ya nne utakuwa umeshagundua kwamba hakuna cha kumeza, na yatapungua. Maumivu ya meno nayo ni ya siku hizohizo chache. Sikupi ruhusa ya kuivua kwa sababu hiyo, maana ukiivua siku mbili utaanza upya siku ya kwanza.

Ile S inatokana na ulimi. Ulizoea kupeleka ncha yake nyuma ya meno ya juu, na sasa pale pana ukuta wa akriliki. Ulimi utatafuta mahali papya ukiulazimisha, ukinyamaza hautatafuta. Kwa hiyo usinyamaze. Soma kwa sauti kila jioni, robo saa, chumbani, ukurasa wowote. Imba sehemu yako polepole ukiwa umeivaa, maneno bila tuni kwanza, halafu na tuni. Mwombe dada yako akusikilize, maana masikio yako mwenyewe yatakudanganya, utajisikia vibaya kuliko wengine wanavyokusikia.

Wengi huzoea ndani ya wiki moja. Kama Jumapili ikifika na bado inakusumbua, vua wakati wa wimbo, weka kwenye kisanduku, mpe mama yako akushikie, na ukirudi kwenye benchi uivae kabla hujakaa. Kabla ya hapo jaribu hivi kila asubuhi mbele ya kioo: sita, saba, sitini na sita, sabini na saba, sukari, samaki, sombe. Ukifika kwenye sombe na kioo bado kikavu, uko tayari.